UZI: Ruta ya bei nafuu ya kuchezea gemu mtandaoni, hasa kwa sisi wa nyumba za mawe Lamu

mwana_mkomani (mwenye uzi)

Assalam aleikum wadau. Mwezi huu pekee vijana watatu wamenijia na swali moja: ninunue ruta gani ya bei nafuu nicheze gemu mtandaoni bila kukwama? Wote walikuwa wameshaonyeshwa dukani ile ruta nyeusi yenye antena nane, ambayo bei yake inakaribia bei ya konsoli yenyewe, yaani mashine ya kuchezea gemu. Mmoja ameshainunua na bado anakwama. Nimeona afadhali niandike kwa urefu, mara moja, ili hata walioko Malindi, Faza na Mpeketoni wafaidike.

Nianze na nyumbani kwetu, maana hapo ndipo nilipojifunza. Nyumba ni ya mawe, ya kale. Kutoka daka (kibaraza cha mlangoni) unaingia tekani (ukumbi wa kuingilia), unapinda, unatokea kiwanda (ua wa nyumba), halafu msana wa tini na msana wa yuu (kumbi mbili zinazofuatana), na mwisho ndani (chumba cha mwisho kabisa). Kuta ni za matumbawe na chokaa, unene wake dhiraa nzima, pengine zaidi. Mafundi wa intaneti walipokuja waliishia tekani, wakatundika kifaa chao hapo. Konsoli ziko ndani: PS4 yangu ya toleo la kwanza, lile la 2013, na Xbox Series S ya mpwa wangu. Hesabu kuta zilizo kati. Tena mama yangu, anayependa kila kitu kiwe mahali pake, aliichukua ruta akaiweka kwenye kidaka, baina ya sahani za kale. Ilipendeza kweli. Lakini kidaka ni tundu lililochongwa ukutani: nyuma jiwe, juu jiwe, chini jiwe, kushoto na kulia jiwe. Mawimbi yamebakiwa na upande mmoja tu wa kutokea.

Siku moja nikachukua laptopu, nikakaa nayo pale pale konsoli zilipo, nikapima. Sikupima kasi. Nilipima ping, yaani muda ambao ujumbe mdogo unachukua kwenda na kurudi. Wala sikupima hadi Ulaya. Nilipima hadi kwenye ruta yetu wenyewe, 192.168.0.1, mara mia moja. Ndani ya nyumba ile ile muda ulipaswa kuwa milisekunde mbili tatu basi. Nilichokiona ni 3, 4, 3, 187, 5, 240, 4, kisha kimya: pakiti, yaani ujumbe wenyewe, imepotea. Katika mia moja, sita hazikurudi kabisa. Nikavuta kebo ya mita 15 juu ya sakafu, nikapima upya. Zote mia zilirudi, kila moja chini ya milisekunde 1. Ruta ile ile, bando lile lile, na gharama yangu ilikuwa ya kebo tu.

Kwa hiyo neno langu ni hili, na nitalishikilia: kwa nyumba zetu pesa ya kwanza iende kwenye kebo, ya pili iende kwenye ruta ya kawaida inayojua kupanga foleni. Antena zije mwisho kabisa.

Watu wengi hawajui kwamba gemu yenyewe haili bando. Mechi ya mpira au ya kupigana risasi, saa nzima, kwa kawaida haifiki hata MB 100. Kinachokula ni kupakua: gemu ya GB 50 kwenye laini ya Mbps 20 (megabiti 20 kwa sekunde) inachukua saa tano na nusu hivi, na hakuna ruta itakayoishusha kutoka hapo. Kwa hiyo ukiambiwa ruta fulani ina "kasi ya gemu", uliza kasi ipi. Hata namba iliyo kwenye boksi, AC1200 kwa mfano, ni 300 ya 2.4 GHz imejumlishwa na 867 ya 5 GHz, yaani masafa mawili ya mawimbi ya waifai. Konsoli yako hutumia moja tu kati ya hizo kwa wakati mmoja, na zote mbili ni za maabara, hazijakutana na ukuta wa Amu, yaani Lamu yetu.

Na kuna la bahari. Kebo za intaneti zinatua Mombasa: SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy mwaka uliofuata. Seva za gemu nyingi tunazocheza ziko Afrika Kusini, Ulaya au Mashariki ya Kati. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo huenda kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hesabu ya karibu, maana yake kila kilomita 1,000 za kebo zinakugharimu milisekunde 10 kwenda na kurudi. Seva ikiwa mwisho wa kebo ya kilomita 10,000, milisekunde 100 zimeshakwenda kabla ruta yako haijafanya lolote. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika, ukanda mzima huu uliumia, na nilimwona jirani akibadilisha ruta wiki ile ile. Iliniuma, kwa sababu ruta yake haikuwa na kosa.

Ping ya 140 iliyotulia inachezeka, mkono unaizoea. Inayotuua ni ile ya kuruka, sasa 140, sasa 400. Huko kuruka ndiko tunakoweza kukutibu nyumbani.

kijana_langoni

Kaka shukran. Mimi nina PS4 kama yako na nimeambiwa ninunue ruta ya 5 GHz kwa sababu Langoni nyumba zimebanana, waifai za majirani zinaingiliana. Nikitafuta waifai kwenye simu naona majina zaidi ya ishirini. Ni kweli 5 GHz itanisaidia?

mwana_mkomani

Ndugu yangu, geuza konsoli uangalie namba yake ya modeli. Ikianza na CUH-10, CUH-11 au CUH-12, hiyo ni PS4 ya mwanzo, na waifai yake ni 2.4 GHz pekee. Haiioni 5 GHz hata ukiiweka pembeni yake. PS4 Slim na PS4 Pro, zilizotoka 2016, ndizo zilizoongezewa 5 GHz. PS5 inazo zote, Xbox Series S pia. Kwa hiyo kwa PS4 yako ungelipia kitu ambacho konsoli haiwezi kukitumia. Lakini nyuma ya PS4 hiyo hiyo kuna tundu la kebo la kasi ya gigabiti, zuri kabisa, na wengi hawajawahi kuchomeka kitu hapo.

Ukilazimika kutumia 2.4 GHz, ingia kwenye ruta uitoe kwenye chaneli ya "auto", uiweke 1, 6 au 11. Hizo tatu ndizo zisizogongana. Angalia majirani wengi wako wapi, wewe kaa pale palipo pungufu.

fundi_maweni

Salaam kutoka Malindi. Shekhe nakubaliana nawe kwa mengi, ila usiwatishe watu wote na kuta za Amu. Mimi nina kibanda cha gemu hapa Maweni, konsoli nne, chumba kimoja cha matofali ya simiti. Ruta iko ukutani juu ya televisheni, mita tatu kutoka konsoli ya mbali. Xbox Series S mbili nimeziweka kwenye 5 GHz na ping yake hadi kwenye ruta haizidi milisekunde 3, mchana na usiku. Ruta yenyewe ni Archer C6 ya TP-Link. Chumba kimoja, hakuna ukuta kati, 5 GHz inatosha. Kebo nimewapa PS4 mbili tu.

Nikuongezee kuhusu kebo, maana hapo nimepoteza pesa. Kebo nyingi za bei ya chini zinazouzwa huku ni alumini iliyopakwa shaba. Chukua kisu, kwaruza uzi mmoja mwembamba. Ukibaki mwekundu hadi ndani, ni shaba. Ukiona weupe, ni alumini, iache. Alumini inakatika ukiikunja kwenye kona, na hewa yetu ya chumvi inaila pale kwenye kichwa cha plastiki. Yangu ya kwanza ilikaa miezi saba. Konsoli ikawa inaonyesha 100 badala ya 1000, kisha ikaanza kupotea kabisa. Nilipokata kichwa nikakuta unga wa kijivu ndani.

mwana_mkomani

Fundi, Mungu akuzidishie, hilo la kukwaruza nilikuwa silijui. Na umeeleza vizuri kwa nini ilishuka hadi 100: kasi ya 100 inatumia nyuzi nne tu kati ya nane, gigabiti inataka zote nane. Ukipoteza uzi mmoja kati ya zile nne nyingine, kebo haifi. Inarudi nyuma kimya kimya.

Kuhusu chumba kimoja, nakubali. Niliandika nikifikiria nyumba yetu.

mama_shela

Wanangu habari za jioni. Mimi si mtu wa gemu, ni mama mwenye watoto watatu hapa Shela. Wavulana wawili wanacheza, dada yao anafanya kazi ya kupiga picha na video za nyumba za wageni, kila jioni anazituma kwa wateja. Akianza tu kutuma, wavulana wanapiga kelele kwamba wamekufa, kwamba gemu imesimama. Wanagombana kila siku, na mkubwa ameacha kuongea na dada yake. Nimeshalipia bando la juu mara mbili na tatizo ni lile lile. Ruta ya antena nyingi itatupatanisha?

mwana_mkomani

Shikamoo mama. Haitawapatanisha, lakini dawa ipo na bei yake ni ndogo. Niruhusu nieleze, kwa sababu hili ndilo jambo ninalolijali kuliko yote katika uzi huu.

Fikiria jeti ya Mokowe siku ya watu wengi. Njia ya kushukia botini ni moja. Binti yako anakuja na magunia mia mbili, anayapanga yote kwenye foleni kwa mara moja. Ana haki, ni kazi yake. Mwanao anakuja na bahasha moja, ina maneno mawili tu: "nimepiga pasi". Ruta ya kawaida inamwambia asimame nyuma ya magunia yote. Bahasha inafika, lakini imechelewa nusu sekunde, na mpira umeshachukuliwa. Kuongeza bando ni kupanua mlango kidogo. Binti naye anatuma haraka zaidi hadi foleni inajaa tena.

Ruta inayojua kupanga foleni inafanya kitu kimoja: bahasha ndogo zinapita pembeni, magunia yanaendelea kwa zamu. Video ya binti itachelewa kidogo mno hata asijue. Jina la kitu hicho kwenye menyu ni SQM, na mtindo ulio bora ndani yake unaitwa CAKE. Kinapatikana kwenye programu huria ya OpenWrt, ambayo unaiweka kwenye ruta ya kawaida badala ya programu iliyokuja nayo. Archer C6 aliyoitaja fundi inaikubali katika matoleo kadhaa. Xiaomi Mi Router 4A ya Gigabit pia. TL-WR841N, ile nyeupe ya bei ya chini kabisa, kumbukumbu yake ni ndogo mno kwa OpenWrt ya sasa, hivyo iache kwa kazi hii. Kabla ya kulipa, pindua ruta usome kibandiko cha chini: jina linaweza kuwa moja na toleo likawa tofauti, na ndani ikawa mashine nyingine kabisa. Linganisha toleo hilo na orodha iliyo kwenye tovuti ya OpenWrt.

Nyumbani kwetu laini inatoa Mbps 20 kushuka na 5 kupanda. Dada yangu akituma video, ping yangu ilikuwa inapanda kutoka 140 hadi 600 na zaidi. Niliweka SQM, nikaandika 17 na 4, kidogo chini ya kasi halisi, ili foleni ikae kwenye ruta yangu ninayoitawala, isikae kwa mtoa huduma. Sasa anatuma, mimi nacheza, na sizidi 155. Nilinunua ruta iliyotumika, chini ya elfu tatu, nikakaa nayo usiku mmoja.

Usiguse bando la juu tena mama. Rudi kwenye la zamani.

bahari_kizingitini

Kaka sisi huku Kizingitini hatuna waya wa mtu yeyote, tunatumia ruta ya laini ya simu. Nimefungua UPnP (konsoli ijifungulie milango yenyewe kwenye ruta), nimefungua DMZ (milango yote ielekezwe kwa konsoli moja), nimefanya kila kitu nilichoona kwenye video, PS4 bado inaniandikia NAT Type 3, yaani wengine hawawezi kuifikia kutoka nje. Siwezi kuongea na wenzangu kwenye chati ya sauti na vyumba vingine havinipokei. Ninunue ruta gani?

mwana_mkomani

Usinunue chochote bado. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta anwani ya WAN, yaani ile uliyopewa na mtoa huduma. Ikianza na 100 na namba ya pili ikawa kati ya 64 na 127, au ikianza na 10, basi hupati anwani ya peke yako. Mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Mlango unaoufungua nyumbani unafunguka, lakini nje yake kuna lango jingine la kwao, na ufunguo wanao wao. Hata ruta ya laki moja haitalifungua. Wapigie uulize kama wanatoa anwani ya umma na kwa bei gani. Baadhi wanatoa.

Ikianza na 192.168 hilo ni jambo jingine, na linatibika nyumbani: una ruta mbili zilizofuatana, kila moja inafanya kazi ya mlango. Igeuze ya pili iwe "access point", yaani itoe waifai tu bila kuwa mlango, na tatizo linaondoka. Wengi wenye kifaa cha mtoa huduma pamoja na ruta yao wenyewe wako hapo bila kujua.

DMZ iondoe. Inahudumia konsoli moja tu, ya pili itakosa. UPnP peke yake inatosha kwa konsoli mbili kama lango la nje liko wazi.

Na kubadilisha DNS kuwa 8.8.8.8, ambako video hizo zote zinakusisitizia, hakupunguzi ping ndani ya mechi. DNS ni kuuliza jina la seva mara moja kabla ya kuanza. Ukishaanza haihusiki.

kijana_langoni

Nimerudi. Nimekubali kebo, lakini nyumba yetu iko ndani ya mji wa kale. Babu hataki hata msumari ukutani, na nimesikia kuna sheria pia. Nitapitisha wapi?

mwana_mkomani

Babu yuko sawa, na mji wetu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Usitoboe matumbawe. Ukishaingiza drili yanamomonyoka, na chokaa ya zamani hairudi.

Mimi nilipita juu. Angalia boriti za dari, pale zinapoingia ukutani. Kebo nyembamba inalala kando ya boriti bila kuonekana, na juu ya milango ya ndani mara nyingi kuna nafasi. Nilifunga kwa uzi wa pamba, hakuna msumari hata mmoja. Kutoka tekani nimezunguka kiwanda chini ya ukingo, nikatumia kebo nyeusi ya nje pale inapopigwa na jua. Jumla mita 22. Kebo ya aina ya Cat5e inafika mita 100, hivyo usiogope kuzunguka. Kama nyumba yenu ina wikio (chumba kinachovuka juu ya njia kuunganisha nyumba mbili) na upande wa pili ni wa shangazi au ami, kebo inapita juu ya njia ndani ya wikio hilo hilo na nyumba mbili zinatumia laini moja.

Ikishindikana kabisa, usinunue kile kifaa cha kurudia mawimbi. Kile cha bei ya chini kinapokea na kutuma kwa redio ile ile, kasi inagawanyika nusu na ping inaruka zaidi.

fundi_maweni

Niongeze la umeme. Ruta nyingi ndogo zinatumia volti 9 au 12. Soma kibandiko kabla ya kununua betri ndogo ya kuzishikilia umeme ukipotea, usichomeke ya 12 kwenye ya 9. Na kumbuka kifaa cha mtoa huduma nacho kinataka betri yake, la sivyo ruta itawaka bila intaneti.

mama_shela

Mwanangu, nimetafuta mtu akatuwekea hiyo SQM juzi, kwenye ruta ya zamani ya jirani. Jana usiku binti alituma video mbili. Wavulana hawakutoka chumbani. Nilikwenda kuchungulia nikidhani wamelala, nikawakuta wanacheza. Asante sana.

mwana_mkomani

Mama, umenifurahisha mno. Wasalimie wote watatu.

kijana_langoni

Kaka nimepata kebo, nimekwaruza, ni shaba. Vichwa vya plastiki ninavyo vinne. Sina koleo la kubania na sijui nyuzi zinapangwaje.

mwana_mkomani

Kichwa kikiwa na ulimi chini na matundu ya kuingizia nyuzi yakikuelekea, kutoka kushoto: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Ncha zote mbili ziwe vivyo hivyo. Angalia sana uzi wa tatu na wa sita: kijani-nyeupe na kijani haziko pamoja, buluu ziko katikati yao. Hapo ndipo kila mtu anapokosea mara ya kwanza.

Koleo ninalo. Njoo Mkunguni mbele ya Ngome kesho baada ya swala ya alasiri, na ulete vichwa vyote vinne. Usikate kebo kwanza. Pima njia nzima kwa kamba, ongeza mita mbili, ndipo tukate.